Kamari ya Simu ni Suala la Haki



Mara nyingi kurasa hizi zimezungumzia mashamba yanayoporwa, wajane wanaonyang'anywa nyumba, na vibarua wanaodhulumiwa ujira. Msomaji atauliza: Je, mchezo wa karata katika simu unahusianaje na haki na amani? Si ni dhambi ya mtu binafsi, ya kupelekwa kitubioni na kuishia huko? Hilo ndilo swali tunalotaka kulijibu. Nami nimeombwa kulijibu kwa sababu jambo lenyewe lilianzia nyumbani kwangu, na kwa sababu nilishiriki kulilea.

1. Daftari la mpwa wangu

Nimefundisha Hisabati kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu, naishi hapa Tumbi. Mpwa wangu alikuja kukaa kwangu baada ya kumaliza masomo. Alipata kazi ya kuhesabu mzigo katika ghala, kazi ya mkataba wa miezi mitatu mitatu. Alikuwa kijana wa kwaya, hanywi pombe, na jumuiya yetu ilikuwa imemchagua mweka hazina kwa vile mwandiko wake ni safi na hesabu zake hazina doa.

Usiku mmoja nilimkuta sebuleni, simu mkononi, daftari mapajani. Nilimwuliza kama naye amekuwa mtu wa mikeka.

"La, mjomba," alinijibu. "Mikeka ni bahati tu. Huu ni mchezo wa poka. Hapa mtu anatumia akili."

Akanieleza. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi mezani kwa awamu, na watu huweka fedha kabla na baada ya kila awamu. Mwenye mkono bora, au aliyewatisha wengine wakatupa karata zao, huchukua fedha zote zilizo katikati. Meza ina watu sita, nao hawaonani: mmoja yuko Brazil, mwingine Urusi, mwingine Tumbi.

Akanionyesha daftari. Nakiri mbele yenu kwamba lilinifurahisha. Alikuwa ameandika kanuni zake kwa utaratibu ambao sikuuona kwa wanafunzi wangu wengi. Kwanza, kutocheza mikono mingi: katika kila mikono mitano, kutupa minne. Pili, kucheza zaidi anapokuwa wa mwisho kuamua, kwa kuwa anayeamua mwisho ameona wenzake walivyofanya. Tatu, kutoketi mezani na zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya akiba yake, ili usiku mmoja mbaya usimfilisi. Nne, kuacha anapokuwa na hasira. Kila usiku aliandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza, alichoingia nacho na alichotoka nacho.

Nilifanya nini mimi mwalimu? Niliketi naye. Nilimkagulia mahesabu yake ya uwezekano. Tulikokotoa pamoja kwamba kupata ree mbili mkononi hutokea mara 1 katika 221, na kwamba hata ree mbili hizo, zikipambana na mkono mmoja wowote, hushindwa karibu mara 15 katika 100. Nilijisikia kama mwalimu aliyepata mwanafunzi wake wa mwisho. Sikumwuliza hata mara moja fedha anayoshinda inatoka kwa nani.

2. Ndiyo, ni ustadi. Ni ustadi wa nini?

Wahubiri wengi hukosea hapa, na vijana wakawacheka. Husema kwamba kamari yote ni bahati tupu. Kijana anayejua poka atajibu kuwa hilo si kweli, na atakuwa na haki. Katika mikono michache bahati ndiyo hutawala, lakini katika maelfu ya mikono mwenye ustadi humshinda asiye nao. Basi tusibishane na ukweli. Tuukubali, kisha tuuchunguze.

Kwanza, ustadi huo hulipa nini? Daftari linajibu. Mpwa wangu alianza na dola 30, zilizopatikana kwa njia ya wakala. Katika usiku 120, kwa saa tatu kila usiku, akiba ilifika dola 214. Alishangilia, nami nikashangilia. Baadaye nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza. Saa 360 zilizaa faida ya dola 184, yaani senti 51 za dola kwa saa. Kwa thamani ya wakati huo ilikuwa kama shilingi 1,300. Ukitoa gharama ya vifurushi vya intaneti, kijana wetu, pamoja na akili zake zote, alikuwa akilipwa kwa saa nzima ya usiku pungufu ya kile dereva wa bodaboda anachopata kwa safari moja au mbili za kwenda Maili Moja. Naye alikuwa miongoni mwa wale waliofanikiwa!

Pili, mtu atajuaje kwamba yeye ni stadi na si mwenye bahati? Wachezaji wenyewe husema kwamba mikono elfu chache haithibitishi kitu. Yahitajika makumi ya maelfu. Meza moja huchezwa mikono kama 70 kwa saa. Kuifikia mikono 50,000 ni saa 714, na kwa saa tatu kila usiku ni siku 238. Ni nani kati ya vijana wetu atakayesubiri siku 238 ili ajue kama anajidanganya? Kabla ya hapo, akishinda atasema ni akili, akishindwa atasema ni bahati mbaya. Mchezo huu humfundisha mtu kujisifu kwa faida na kujisamehe hasara. Huo ni mlezi mbaya wa dhamiri.

Tatu, unacheza na nani? Mwaka 2017, huko Pittsburgh nchini Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotungwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika mikono 120,000. Mwaka 2019 programu nyingine, Pluribus, iliwashinda mabingwa katika meza ya watu sita. Makampuni husema yanazikataza programu za namna hiyo na kuwafukuza wanaozitumia. Lakini kijana aliye Tumbi, macho mekundu saa nane ya usiku, hana njia ya kuhakikisha kama jina analoliona kwenye kioo cha simu ni la mtu, ni la mashine, au ni la marafiki watatu walioketi chumba kimoja wakionyeshana karata. Wazee wetu wanaikumbuka karata tatu ya pale Kariakoo: aliyesimama pembeni akishinda alikuwa mwenzake mwenye meza. Angalau yule ulimwona sura.

3. Hesabu ya mwenye meza

Katika poka kampuni haishindani na mchezaji, nayo hujisifia jambo hilo. Yenyewe hukata ushuru kidogo katika kila fungu linaloshindaniwa. Tuchukue mfano. Watu sita wameketi, kila mmoja na dola 10. Jumla ni dola 60. Fungu la kawaida ni dola 1, na ushuru wa meza ni 5 kwa mia. Kwa mikono 70 katika saa moja, mwenye meza ameondoka na dola 3.50. Asipoongezeka mtu wala fedha, baada ya saa 17 hivi dola 60 zote zimekwisha kuwa zake. Wachezaji sita wamepigana usiku kucha, na mshindi ni yule ambaye hakugusa karata hata moja.

Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Mchezaji huona dola iliyokwenda kwa jirani. Haoni senti tano iliyokwenda kwa mwenye meza.

Kutokana na hili linafuata jambo lisilokwepeka. Ili mmoja atoke na dola 184, wengine lazima wapoteze dola 184 pamoja na ushuru wote wa meza. Mezani hapo hakulimwi muhogo, hakuchumwi korosho, hakushonwi nguo, hakufundishwi mtoto. Mkulima wa Kisarawe akivuna gunia la korosho, dunia imeongezeka gunia la korosho. Stadi wa poka akishinda, dunia haikuongezeka kitu. Fedha imehama tu, na imepungua ikiwa njiani. Tena imehama kutoka kwa nani? Kanuni ya kwanza ya ustadi, wanayoifundishana wao wenyewe, ni kuchagua meza yenye watu dhaifu: mgeni, mlevi, mwenye hasira, anayefukuzia alichopoteza jana. Huyo ndiye mkate wa stadi. Kwa maneno mengine, ustadi huu ni ufundi wa kumtambua mnyonge na kuketi karibu naye. Mkristo anaweza kuufanya huo kuwa wito wake?

Vijana hupenda kutaja habari ya Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeingia kwa njia ya mtandao katika mashindano makubwa ya Las Vegas mwaka 2003, kwa kiingilio kidogo kisichofika dola 100, akatoka na dola milioni 2.5. Habari hiyo ni ya kweli. Ni kweli pia kwamba mashindano yale yalikuwa na watu 839, na bingwa alikuwa mmoja. Jina lake limetangazwa dunia nzima kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu kila anayelisikia ni mteja mtarajiwa. Majina ya waliofilisika hayatangazwi na mtu. Hayo tunayajua sisi, kwa kuwa ndugu zao huja kukopa kwetu.

4. Mikeka, na ile picha ya ndege

Kama hali ni hiyo katika mchezo wenye ustadi, tuseme nini juu ya ile isiyo nao? Wengi wa vijana wetu hawachezi poka. Wanabeti mpira, na wanacheza ule mchezo wa ndege.

Tuanze na mkeka. Kijana huchagua mechi kumi, kila moja akiwa na uhakika, tuseme, wa 60 kwa mia. Aona ni mambo mepesi. Lakini uwezekano wa zote kumi kutimia ni kama mara 6 katika 1,000. Mikeka 994 itachanika, na baadhi yake itachanika kwa mechi moja au mbili tu, ili mwenyewe aseme: nilikaribia! Tena kampuni hailipi thamani kamili ya hatari. Mahali ambapo haki ni kulipwa mara 2, hulipa mara 1.90. Tofauti yaonekana ndogo, lakini katika mechi kumi zilizounganishwa tofauti hiyo huzidishwa kumi, na shilingi 1,000 ya mchezaji hubaki na thamani ya shilingi 600 hivi tangu dakika anapoiweka, kabla mpira haujapigwa.

Sisi wa Kibaha tunacho kituo kandokando ya Barabara ya Morogoro kiitwacho Picha ya Ndege. Siku hizi kila kijiwe cha bodaboda kina picha yake ya ndege. Ndege hupaa katika kioo cha simu, namba hupanda, na kijana hana budi kutoa fedha yake kabla ndege haijapotea. Mchezo huu, Aviator, ulizinduliwa mwaka 2019 na umeenea Afrika nzima. Watengenezaji wenyewe hutangaza kwamba kwa wastani hurudisha 97 kwa mia. Kijana husikia 97 akafurahi. Hajiulizi hutokea nini akizungusha fedha hiyohiyo mara 100, jambo linalowezekana kabisa katika jioni moja. Asilimia 97 ya asilimia 97, mara mia, hubakiza wastani wa shilingi 476 katika kila shilingi 10,000. Hakuna wizi hapo, wala hila iliyofichwa. Namba imetangazwa waziwazi. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma.

5. Mfuko wa jumuiya

Namrudia mpwa wangu, kwani sikumaliza.

Alipofika dola 214 aliamua kupanda meza. Kanuni yake ya tatu ilimkataza, lakini mkataba wa ghala ulikuwa umekwisha na hakuitwa tena. Kule juu alikutana na wale ambao wao ndio stadi, naye sasa ndiye dhaifu waliyekuwa wakimtafuta. Dola 214 zilikwisha katika usiku tisa. Kuanzia hapo daftari halina mistari iliyonyooka. Kanuni ya nne nayo ilikwenda.

Mfuko wa jumuiya yetu ulikuwa katika simu yake, kwa sababu sisi tulimwamini. Zilikuwa shilingi 340,000, michango ya miezi mingi ya wauza vitumbua, wapasua kuni na walimu wastaafu, kwa ajili ya wagonjwa na misiba. Alijiambia anakopa kwa wiki moja. Nimemwuliza baadaye kama alijua anaiba. Alisema: "Mjomba, sikujiona naiba. Nilijiona nasahihisha hesabu."

Tulijua siku mama mmoja wa jumuiya alipolazwa na familia ilipokuja kuomba msaada wetu wa kawaida. Mweka hazina hakuonekana siku mbili. Alipoonekana, alipiga magoti mbele ya jumuiya nzima. Mama yule alitibiwa kwa sababu watoto wake waliuza mbuzi wawili. Lakini hata leo yapo maneno ambayo hayajakwisha katika jumuiya ile, na baadhi ya wanajumuiya hawatoi tena mchango. Kijana analipa deni kidogo kidogo kwa kazi ya kufyatua matofali. Haya ninayaandika kwa idhini yake na ya jumuiya.

Sasa mwaona kwa nini tunasema ni suala la haki. Wacheza karata walikuwa sita, lakini mama aliyelazwa hakuwa mchezaji. Wala wauza vitumbua hawakuketi mezani. Fedha yao iliketishwa bila kuulizwa.

Kanisa halisemi kwamba kila mchezo wa kubahatisha ni dhambi kwa asili yake. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2413, hufundisha kwamba michezo hiyo hugeuka kuwa isiyokubalika pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea, na huonya kwamba shauku ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa. Kipimo hicho ni chepesi kueleweka. Kijana asiye na ajira, anayetumia fedha ya chakula au ya jumuiya, amekwisha kuvuka mpaka huo. Vipi basi kuhusu wale wanaojipatia faida kwa sababu ameuvuka?

6. Wanaofaidika

Tusimtwike kijana mzigo wote. Kuna wenye nguvu waliouandaa uwanja.

Dola ilikuwa na Bahati Nasibu ya Taifa kwa sheria ya mwaka 1974. Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na ikaundwa Bodi iliyo chini ya wizara inayoshughulikia fedha. Tafakarini mpango huo. Mlinzi wa mchezaji amewekwa katika nyumba ya mkusanya kodi. Kodi hukatwa katika mapato ya kampuni, na kodi hukatwa tena katika ushindi wa mchezaji. Kadiri vijana wanavyocheza zaidi ndivyo hazina inavyopata zaidi. Hatusemi kwamba watumishi wa Bodi ni watu wabaya. Twasema kwamba yeyote aliyepewa kazi mbili zinazovutana atatumikia ile inayolipa. Tunaambiwa fedha hiyo hujenga taifa. Lakini kodi inayotoka mfukoni mwa asiye na kazi ni kodi ya kichwa iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Wakoloni waliitoza kwa askari. Siku hizi hutozwa kwa matangazo.

Na matangazo yenyewe! Mwaka 2017 kampuni moja, SportPesa, iliingia mikataba ya udhamini na Simba na Yanga zote mbili. Watani wa jadi wasiokubaliana hata juu ya rangi ya jezi walikubaliana juu ya maandishi ya kifuani. Tangu hapo mtoto wa darasa la tatu anayevaa jezi ya timu aipendayo amejifunza kwamba mpira na kubeti ni kitu kimoja. Sheria inamkataza mwenye umri chini ya miaka 18 kucheza. Nani anamkataza kuvutwa?

Majirani zetu wamethubutu kuliuliza swali hili. Mwaka 2019 Rais Museveni wa Uganda aliagiza leseni mpya za kubeti zisitolewe, na mwaka huohuo Kenya ilikataa kuhuisha leseni za makampuni 27. Mwaka 2025 Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Hatua hizo hazikuwa kamilifu, na baadhi ya makampuni yalirudi. Hata hivyo zimeonyesha kwamba serikali ikitaka, inaweza. Haifai tuambiwe kwamba teknolojia haizuiliki.

Wapo pia wanaofaidika kwa kunyamaza. Viwanda vinaongezeka Kibaha, bandari kavu imejengwa Kwala, malori hayaishi barabarani. Lakini mikataba ya miezi mitatu mitatu haimwezeshi kijana kuoa, kujenga, wala kukopa. Mtu asiyeona njia ya polepole hutafuta njia ya ghafla. Mwajiri anayemwacha kijana bila uhakika wa kesho ni wakala wa kamari, hata kama hajawahi kuuza tiketi.

7. Tujitazame na sisi

Itakuwa unafiki tukiwanyoshea vidole wengine na kuficha vya kwetu. Ni mara ngapi tumeendesha bahati nasibu parokiani, tiketi zikauzwa hata kwa watoto wa mafundisho, ili tupate bati za kigango? Ni mara ngapi tumesimama mimbarini tukiahidi kwamba anayetoa kingi leo atarudishiwa maradufu kesho? Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania walipoteza fedha zao katika upatu wa DECI, walioambiwa kwamba wanapanda mbegu. Lugha ile ilichukuliwa kanisani. Mtu aliyezoea kusikia kwamba Mungu hulipa riba hatashangaa kuisikia simu ikisema vivyo hivyo.

Askari pale msalabani waliligawana vazi kwa kura, na mwenye vazi alikuwa juu yao akifa. Hawakuinua macho. Hatari ya kamari ndiyo hiyo: humfundisha mtu kutoinua macho.

8. Tunayodai na tunayojitwika

Kwa serikali na Bunge: usimamizi wa michezo ya kubahatisha utenganishwe na ukusanyaji wa kodi yake. Matangazo ya kamari yaondolewe katika redio na televisheni saa ambazo watoto husikiliza, na katika jezi zinazouzwa kwa watoto. Kila akaunti iwekewe kikomo cha kuweka fedha kwa siku, na kubadili kikomo hicho kuchukue siku kadhaa, ili hasira ipoe.

Kwa makampuni ya simu: mteja apewe uwezo wa kuufunga mwenyewe mlango wa malipo ya kamari, kwa hatua chache kama zile za kuufungua.

Kwa parokia na vigango: tuache bahati nasibu, tuombe mchango kwa jina lake la kweli. Fedha ya jumuiya isikae katika simu ya mtu mmoja. Iwe na watia saini watatu, na hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wanajumuiya. Sisi tulimtendea mpwa wangu udhalimu tulipomwachia peke yake kishawishi ambacho watu wazima watatu wangekibeba kwa urahisi.

Kwa wazazi na walimu: tusitumie matusi, tutumie penseli. Keti na kijana, umfanyie hesabu ya mkeka, ya ndege, na ya ushuru wa meza. Mwambie aandike kila alichoweka na kila alichotoa kwa miezi miwili, bila kuficha. Daftari la kweli huhubiri kuliko sisi.

Kwa mchezaji mwenyewe: mdogo wangu, mwanangu, hatukudharau. Tunajua una akili. Ndiyo maana tunasikitika kuiona ikiuzwa senti 51 kwa saa. Ukitaka kuacha, usiache peke yako. Njoo kwa mtu mmoja unayemwamini, mkabidhi laini yako ya fedha kwa muda, mweleze deni lote na si nusu yake.

Na kwa walimu wenzangu wa Hisabati: mimi nilimkagulia kijana hesabu zote isipokuwa moja. Msifanye kosa langu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni nani wanaoshika fedha za wote, nasi tumewalinda vipi wasishawishike?

2. Je, yupo kati yetu anayeficha deni lililotokana na kamari? Tutafanya nini ili aweze kulisema bila kuaibishwa?

3. Parokia yetu hupata fedha kwa njia zipi? Ipo njia ambayo hatungependa mtoto wetu aiige nyumbani?

4. Vijana wa mtaa wetu wanaofanya kazi kwa mikataba mifupi ni wangapi? Nani atakwenda nao kwa mwajiri na kwa afisa kazi?

5. Tutamwandikia barua mbunge wetu juu ya matangazo ya kamari? Nani ataiandika, na kabla ya tarehe gani?